Nyumba au dhahabu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu madeni na bei

Maswali haya huulizwa na watu wenye akiba kidogo na wasiwasi mwingi: ninunue kiwanja, nikope benki nijenge, au ninunue dhahabu niifiche? Bei za dhahabu humu ni za wakia moja, yaani gramu 31.1, isipotajwa vinginevyo.

Mzunguko wa madeni ni nini hasa?

Ni kupanda na kushuka kwa wepesi wa kukopa. Kuna kipindi benki zinakupigia simu zenyewe: mkopo upo, masharti ni mepesi, riba ni nafuu. Watu wanakopa na kununua, bei zinapanda, na kwa kuwa bei zimepanda dhamana nazo zinaonekana nono, kwa hiyo benki zinazidi kukopesha. Halafu mfumuko wa bei unaingia, Benki Kuu inapandisha riba, marejesho yanawabana waliodhani neema itaendelea, baadhi yao wanashindwa kulipa, benki zinaogopa na mkopo unakauka. Mzunguko huo mfupi huchukua miaka kadhaa.

Upo pia ule mrefu, wa miongo, ambao mkopaji wake mkuu ni serikali. Deni hurundikana hadi kulilipa kwa kodi peke yake kunakuwa kugumu, na mzigo unaishia kwenye sarafu. Nyumba husikia zaidi mzunguko mfupi, dhahabu husikia zaidi ule mrefu. Majibu mengi hapa chini yanatoka kwenye tofauti hiyo.

Deni linaingiaje kwenye bei ya nyumba?

Linaingia kupitia mfuko wa mnunuzi. Penye mikopo mingi, mtu hanunui nyumba kwa alichonacho mkononi. Ananunua kwa kile ambacho benki itakubali kumpa. Bei hufuata ukubwa wa mkopo, na ukubwa wa mkopo hufuata riba.

Mchukue mtu wa Nairobi anayeweza kutoa Sh93,700 kwa mwezi kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 13, pesa hizo zinabeba mkopo wa Sh8 milioni. Ikishuka hadi asilimia 9, mshahara ule ule unabeba Sh10.4 milioni. Ikipanda hadi asilimia 17, unabeba Sh6.4 milioni tu. Mtu ni yule yule na nyumba ni ile ile, ila Sh4 milioni zimetoweka kwenye uwezo wake wa kununua. Anayemuuzia ataipata wapi bei ya jana?

Kuna jambo jingine ambalo wakopaji wengi hulijua wakiwa wameshatia sahihi. Mikopo mingi ya nyumba nchini Kenya ina riba inayobadilika. Mwaka 2011 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi asilimia 18 mwezi Desemba. Riba ikipanda hivyo, mteja ama anaongeza marejesho ya mwezi, ama anaomba aongezewe miaka. Wengi huomba miaka. Sasa mrudie yule wa Sh8 milioni: riba ikifika asilimia 17, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni Sh113,333, naye analipa Sh93,700. Hata umwongezee miaka mia hamalizi. Analipa kila mwezi bila kukosa na deni linazidi kunenepa.

Baada ya hapo ni notisi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inampa mkopaji aliyeshindwa notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa. Nyumba tatu nne za mtaa mmoja zikipigwa mnada kwa pamoja, wathamini wa benki huandika bei hizo za mnada kwenye ripoti zao, na jirani ambaye hana deni lolote anaambiwa nyumba yake imeshuka thamani.

Na bei ya dhahabu inaguswaje na madeni?

Hati ya serikali, ile unayopewa ukiikopesha serikali, ni ahadi ya kulipa. Noti ni ahadi, na akiba yako benki ni ahadi. Kipande cha dhahabu si ahadi ya mtu yeyote. Hakilipi riba, hakina mpangaji. Kwa hiyo bei yake hutegemea sana jibu la swali moja: kuzishika zile ahadi kunalipa kiasi gani ukishatoa mfumuko wa bei? Zikilipa vizuri, dhahabu inakuwa mzigo. Zikilipa chini ya mfumuko, au watu wakianza kushuku kama zitalipwa kwa pesa yenye thamani ile ile, dhahabu inatafutwa.

Pande zote mbili zilionekana Marekani. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alisitisha haki ya serikali za nje kubadilisha dola kwa dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa wakia. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mfumuko mkali, na Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850. Lakini tayari Paul Volcker alikuwa ameshika usukani wa Benki Kuu tangu Agosti 1979, na alipandisha riba hadi karibu asilimia 20. Dola ikaanza kulipa kuliko mfumuko. Katikati ya 1982 wakia ilikuwa chini ya dola 300, na aliyenunua kileleni alisubiri zaidi ya robo karne kuiona tena bei ile ya 850, tena bila kuhesabu mfumuko uliopita katikati.

Nalisema hili kwa sababu wauza dhahabu huwa hawalisemi.

Kwa hiyo uchumi ukianguka dhahabu inapanda siku ile ile?

Mara nyingi hapana. Machi 2008 dhahabu ilikuwa imepita dola 1,000. Benki ya Lehman Brothers ikaanguka tarehe 15 Septemba, na kufikia Oktoba na Novemba wakia ilikuwa imeshuka kuelekea dola 700. Machi 2020, janga la korona lilipoanza, ilishuka tena kwa siku kadhaa kabla ya kuvuka dola 2,000 mwezi Agosti. Mtu anayedaiwa na kubanwa huuza kinachouzika, na dhahabu huuzika haraka. Inapanda baadaye, pale serikali na benki kuu zinapoanza kumwaga pesa na kushusha riba ili kuokoa waliodaiwa.

Nyumba ni kinyume chake. Haiuziki siku ya dhoruba, kwa hiyo bei yake huonekana imetulia, halafu inateremka taratibu kwa miaka.

Nipe mfano mmoja kamili.

Marekani tena, kwa kuwa takwimu zake ni za wazi na mzunguko wake ulikamilika.

Baada ya 2001 riba ilishushwa hadi asilimia 1. Benki zikakopesha hata wasio na kipato cha kueleweka, mikopo ikafungwa pamoja na kuuzwa kwa wawekezaji duniani kote, na bei za nyumba zikapaa. Kuanzia katikati ya 2004 hadi katikati ya 2006 riba ya Benki Kuu ilipandishwa hadi asilimia 5.25. Bei za nyumba zilifika kilele mwaka 2006, zikashuka kwa zaidi ya robo kitaifa hadi mwanzoni mwa 2012. Aliyelipa asilimia 20 ya bei kwa pesa zake na kukopa asilimia 80 alibaki bila kitu, kwa kuwa hasara yote ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Benki huja nyuma yake.

Sasa pima nyumba hizo kwa dhahabu badala ya dola. Mwaka 1980 bei ya kati ya nyumba mpya Marekani ilikuwa dola 64,600, sawa na takriban wakia 105 kwa wastani wa bei ya dhahabu wa mwaka ule. Mwaka 2001 ilikuwa dola 175,200, karibu wakia 645, yaani kilo 20 za dhahabu. Mwaka 2011 ilikuwa dola 227,200, karibu wakia 145, kilo nne na nusu.

Kwa dola, ukilinganisha miaka hiyo mitatu, bei ya nyumba mpya inaonekana kupanda tu. Kwa dhahabu, kati ya 1980 na 2001 mwenye nyumba alimpita mwenye dhahabu mara sita, kisha kwa miaka kumi karibu yote ikarudi upande wa pili. Mtu akikuonyesha mchoro kuthibitisha kwamba dhahabu hushinda nyumba, au nyumba hushinda dhahabu, angalia kwanza mchoro umeanzia mwaka gani.

Na kuna kitu ambacho hesabu hiyo haikionyeshi: mwenye nyumba alilala ndani yake miaka yote, au alikula kodi ya pango.

Je, riba ikipanda lazima nyumba zishuke?

Si lazima. Inategemea deni limefungwa vipi na nani analibeba. Marekani riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilitoka karibu asilimia 3 mwaka 2021 hadi kukaribia asilimia 8 Oktoba 2023, na bei hazikuanguka. Waliokuwa na mikopo ya asilimia 3 isiyobadilika walikataa kuhama, nyumba za kuuzwa zikawa chache, na mauzo ndiyo yaliyoporomoka.

Japani ilikwenda njia nyingine. Benki Kuu yake ilipandisha riba kutoka asilimia 2.5 mwaka 1989 hadi asilimia 6 mwezi Agosti 1990, na serikali ikazibana benki zisikopeshe wanunuzi wa ardhi. Bei ya ardhi ilifika kilele mwaka 1991, ikashuka zaidi ya muongo mzima. Ardhi ya biashara katika miji mikubwa ilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani. Huko walikokopa sana walikuwa makampuni, kwa kuweka rehani ardhi yenyewe, na benki zilikawia miaka kukiri kwamba mikopo hiyo imekufa.

Huku kwetu watu hujenga kwa pesa taslimu. Hayo ya madeni yanatuhusu nini?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na majibu mengi yanayosambaa mtandaoni hayaligusi kwa kuwa yametoholewa kutoka kwa Wamarekani.

Kenya ina mikopo ya nyumba ya benki takriban 30,000, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Tanzania mikopo yote ya nyumba haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Watu hununua kiwanja kwa mafungu, wanapiga msingi, wanasubiri, wanapandisha kuta, wanasubiri tena, na nyumba inachukua miaka kumi. Lakini deni limo, ila linapitia milango mingine.

Wa kwanza ni mikopo ambayo haiitwi ya nyumba: ya saccos, ya mshahara, ya biashara inayochepushwa kununua mabati na saruji. Ni ya miaka michache na marejesho yake ni makubwa, kwa hiyo ikibana, ujenzi husimama mara moja. Wa pili ni wajenzi wa ghorofa. Wao hukopa kweli, na wengi huchukua pia pesa za wanunuzi kabla hata ya kuchimba msingi. Riba ikipanda na wanunuzi wakichelewa kulipa, mradi unakwama, na aliyelipa nusu ya bei anabaki na nguzo za zege na risiti. Hapo mnunuzi amegeuka mkopeshaji bila kujua, asiye na dhamana yoyote.

Mlango wa tatu ndio mkubwa: serikali. Sheria ya kuweka kikomo cha riba ilipoanza Kenya Septemba 2016, benki ziliona afadhali kuikopesha serikali kuliko kumkopesha mwananchi. Mwaka 2017 ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulishuka hadi kama asilimia 2. Sheria iliondolewa Novemba 2019. Kisha Februari 2024 serikali hiyo hiyo, ikihofia deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni, iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Mwenye Sh10 milioni aliketi akapiga hesabu. Fleti ya bei hiyo, tuseme inapangishwa kwa Sh55,000 kwa mwezi: ni Sh660,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa kodi ya mapato ya pango ya asilimia 7.5, gharama za huduma za jengo, na miezi ya kukaa tupu. Hatifungani ingemlipa Sh1,846,000. Unadhani alipigia simu nani, dalali wa nyumba au benki yake?

Basi mbona bei za nyumba Nairobi hazikuanguka?

Kwa sababu aliyejenga kwa pesa zake hana benki inayomfukuza. Anaweka tangazo, anakataa bei ya chini, anaondoa tangazo, anapangisha kwa kodi ndogo au anaacha nyumba itupu. Bei iliyoandikwa haishuki. Kinachokauka ni mauzo. Punguzo hujificha: eneo la kuegesha gari bure, jiko lililokamilika, mafungu ya miaka mitatu badala ya mmoja. Kisha mfumuko wa bei hufanya kazi iliyobaki. Ghorofa iliyouzwa kwa Sh12 milioni miaka minane iliyopita na leo inaombwa Sh12 milioni imeshuka sana, ila mwenyewe atakuapia kwamba hajapata hasara.

Masaki na Oysterbay, Dar es Salaam, mambo yalikuwa na sura ya ziada kwa kuwa kodi nyingi za pango zilitajwa kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zilikataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mwenye nyumba aliyezoea kinga ya dola sasa anabeba shilingi kama wengine.

Wanasema dhahabu ilipanda sana mwaka 2024. Mbona mimi niliyenunua Nairobi sikuona kitu?

Kwa sababu wewe hununui dhahabu peke yake. Unanunua dhahabu na dola kwa pamoja.

Mwisho wa Januari 2024 wakia ilikuwa karibu dola 2,040, na dola moja ilikuwa karibu Sh160 kwa kuwa watu walidhani Kenya itashindwa kulipa lile deni la Juni. Gramu moja ya karati 24, yaani dhahabu safi, ilisimama kwa takriban Sh10,500. Februari serikali ikakopa upya nje na kuanza kununua lile deni la zamani; hofu ikapungua, na shilingi ikapanda hadi karibu 129 kwa dola. Mwisho wa Desemba wakia ilikuwa kama dola 2,610. Kwa dola, dhahabu ilipanda asilimia 28. Kwa shilingi, gramu ilifika takriban Sh10,800: asilimia 3. Ukitoa faida ya muuzaji, ulikula hasara katika mwaka ambao dunia nzima ilikuwa inashangilia dhahabu.

Halafu ikaja 2025. Shilingi ilikaa pale pale, dhahabu ikavuka dola 3,000 mwezi Machi na dola 4,000 mwezi Oktoba, na gramu ikapita Sh16,500. Aliyevumilia alilipwa.

Huwa nawaambia watu hivi: ukinunua dhahabu siku ambayo kila mtu anaikimbia shilingi, unalipia hofu mbili kwa mpigo.

Nani hasa anaisukuma bei miaka hii?

Benki kuu, kwa sehemu kubwa. Mwaka 2022, 2023 na 2024 zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Sababu moja ni deni la Marekani, ambalo Oktoba 2025 lilipita dola trilioni 38 na linagharimu zaidi ya dola trilioni moja kwa mwaka kwa riba. Nyingine ni kilichoipata Urusi Februari 2022, akiba yake ya nje ya takriban dola bilioni 300 ilipozuiwa. Nchi nyingi ziliona kwamba ahadi ya mwingine inaweza kugandishwa usiku mmoja, wakati dhahabu iliyo kwenye kasha lako haigandishwi na mtu.

Tanzania imo kwenye safu hiyo. Benki Kuu ya Tanzania inanunua dhahabu ya ndani kwa shilingi, na Sheria ya Madini inataka angalau asilimia 20 ya dhahabu itengwe kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini. Mchimbaji mdogo wa Geita, ambaye tangu 2019 anauzia kwenye soko la madini, sasa mwisho wa mnyororo wake unaweza kuwa ghala la Benki Kuu badala ya ndege ya Dubai.

Dhahabu ya mke wangu, ya harusi, ni uwekezaji?

Ni yake, hilo la kwanza. La pili, ni akiba nzuri kuliko wanaume wengi wanavyodhani. Mombasa, Lamu na Unguja wanawake wamesomesha watoto kwa bangili. Lakini hesabu yake ina mitego, na inaonekana ukisimama mbele ya sonara siku ya kuuza.

Kwanza anapima mkufu wote, kisha anatoa uzito wa mawe na wa kibanio. Anausugua kwenye jiwe jeusi, anadondosha tindikali, anaangalia kama alama inabaki au inafifia. Ulionunua kama karati 22 ni asilimia 91.7 ya dhahabu halisi. Karati 21 ni asilimia 87.5, karati 18 ni asilimia 75. Anakulipa uzito wa dhahabu tu, tena kwa bei yake ya kununulia, iliyo chini ya ile ya kuuzia. Ujira wa ufundi uliolipa siku ya kwanza, ule uliofanya mkufu uwe mzuri, haurudi. Kadiri nakshi zilivyo nyingi ndivyo ulivyopoteza zaidi. Anayetaka akiba anunue bangili pana isiyo na nakshi, au kipande kilichopigwa chapa ya uzito na usafi, na atunze risiti.

Kuna njia ya kumiliki dhahabu bila kuificha nyumbani?

Kwenye Soko la Hisa la Nairobi kuna mfuko wa NewGold, ulioorodheshwa Machi 2017, ambao kipande chake kimoja hufuata bei ya takriban sehemu moja ya mia ya wakia. Unanunuliwa kupitia wakala wa hisa kama hisa nyingine. Kwa miaka mingi haukuwa na wanunuzi wengi, kwa hiyo angalia tofauti ya bei ya kununua na kuuza kabla ya kuagiza.

Na madini ya fedha, au platinamu?

Hayo ni nusu vito, nusu kiwanda. Fedha inatumika kwenye paneli za sola na vifaa vya umeme. Platinamu kwenye mifumo ya kusafisha moshi wa magari. Mkopo ukikauka viwanda hupunguza kazi, nayo hushuka pamoja na uchumi. Platinamu ilizidi dola 2,000 mapema 2008, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya 900. Kama unatafuta kinga dhidi ya madeni, hapo siyo mahali pa kuanzia.

Nikope ninunue dhahabu?

Hapana. Ndugu wawili wa Texas wa familia ya Hunt walijaribu kwa madini ya fedha, kwa mikopo mikubwa. Januari 1980 wakia ilikaribia dola 50. Tarehe 27 Machi ilikuwa chini ya dola 11, wakadaiwa waongeze dhamana na hawakuwa nayo. Faida ya dhahabu kuliko nyumba ya mkopo ni kwamba hakuna wa kukunyang'anya bei ikishuka. Ukiikopea umeiondoa faida hiyo, na haina hata kodi ya pango ya kukusaidia kulipa.

Niko Uingereza, nimekopa huku kujenga Kigamboni. Nina hatari gani?

Deni lako liko kwenye pauni na kodi ya nyumba yako inakuja kwa shilingi. Shilingi ikishuka, marejesho yanakuwa mazito hata kama wapangaji wote wanalipa. Halafu riba: kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza kilitoka asilimia 0.1 mwishoni mwa 2021 hadi 5.25 Agosti 2023. Kama riba yako imefungwa kwa miaka miwili au mitano, jua tarehe inapofunguka na upige hesabu kwa riba mpya leo, si mwezi huo.

Kuna mtu ana dhahabu kutoka Kongo kwa nusu bei. Ni kweli?

Unaibiwa. Dhahabu ina bei moja duniani na mwenye kilo moja halisi ana wanunuzi wengi wanaomlipa karibu bei kamili kabla ya saa sita mchana. Utapeli huu Nairobi una mtindo wake: ofisi nzuri Kilimani au Kileleshwa, maboksi ya chuma, karatasi zenye mihuri mingi, kipande kidogo halisi cha kupimwa mbele yako, na baadaye "ushuru" au "ndege" inayohitaji malipo ya haraka. Zaidi ya hayo, kununua dhahabu ghafi bila leseni ni kosa Kenya na Tanzania. Hata ukipata ya kweli, huna njia halali ya kuiuza.

Niangalie nini ili nijue tuko wapi kwenye mzunguko?

Mimi huanza na uamuzi wa riba wa Benki Kuu. Kenya ilikuwa asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kushushwa Agosti mwaka huo, na Desemba 2025 ilifika asilimia 9. Tanzania ilianza kutumia kiwango chake Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Lakini usiishie hapo, maana benki zina haraka ya kupandisha na uvivu wa kushusha. Tazama serikali inalipa kiasi gani kwenye hati za siku 364: zikikaribia asilimia 17, kama Kenya mapema 2024, nyumba zitakosa wanunuzi. Tazama ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi. Kisha nenda mtaani: wajenzi wanatoa mafungu ya muda gani, na kurasa za minada magazetini zimejaa nyumba za kuishi au za biashara tu?

Kwa dhahabu, tazama riba ya Marekani baada ya kutoa mfumuko, ununuzi wa benki kuu, na thamani ya shilingi yako.

Nina pesa inayotosha kiwanja cha nje ya mji. Nichague nini?

Jibu langu linategemea kama una deni. Kama una mkopo wa kidijitali au wa mshahara wa asilimia 16 na zaidi, lipa huo kwanza. Hakuna kiwanja wala dhahabu inayokuahidi asilimia 16 kwa uhakika.

Kama huna deni na unataka kuishi hapo, nunua kiwanja, mzunguko au si mzunguko. Weka pembeni ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mijini na 2 vijijini kwa Kenya, na pesa ya mpimaji na wakili. Fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, sio dalali. Kama nia ni kuuza baadaye, kumbuka kodi ya faida ya mtaji Kenya ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na kwamba kiwanja kisicho na barabara kinaweza kukaa sokoni miaka.

Dhahabu ningeipa sehemu ndogo, asilimia 5 hadi 10 ya akiba, nikinunua kidogo kidogo kila baada ya miezi michache ili nisinase kwenye kilele kama cha 1980 au kwenye dola ya Sh160. Na gharama za miezi mitatu hadi sita ya nyumbani kwangu ningeziacha kwenye akaunti au hati fupi za serikali, ili siku mgonjwa akiingia hospitali nisilazimike kuuza kiwanja kwa bei ya kutupa.